Pumzi ya Chumba cha Taa

Abedi ndiye aliyeuona mkono wa Hema kwanza. Alikuwa amefika Kasongo jioni, nguo zimejaa vumbi jekundu la njia ya Kabambare, akaweka mezani dhahabu aliyoibeba kutoka machimbo ya Salamabila, imefungwa katika kipande cha nailoni. Hema, mwenye duka, alichukua koleo dogo ili aweke jiwe la tola, uzani wa kupimia dhahabu, kwenye mizani. Jiwe likagonga ukingo wa kisahani, likagonga tena, likaanguka mezani.

"Eh, Mama Hema," Abedi alisema akicheka. "Leo mizani ndiyo inacheza ngoma ao ni weye?"

"Ni baridi."

"Baridi? Mi natoka jasho tangu Wamaza."

Hema aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaliweka jiwe mahali pake. Abedi aliacha kucheka. Jambo hilo aliwahi kuliona katika duka hilihili, mbele ya meza hiihii, wakati yeye mwenyewe alipokuwa bado anajifunza kuendesha pikipiki. Wakati ule mkono ulikuwa wa Bwana Jivan, baba yake Hema.

Kasongo yote ilijua namna Bwana Jivan alivyomalizika. Vilianza vidole. Ikafuata midomo, chai ikawa inamwagikia kifuani. Kisha akawa na haya, yeye ambaye zamani alisimama mlangoni akimwita kila mpita njia kwa jina. Mteja akiingia, alijificha nyuma ya majora ya vitenge. Baada ya haya zikaja hasira. Mwishoni hakumtambua binti yake. Siku nyingine alimwita kwa jina la marehemu mke wake, siku nyingine alimfukuza akidai ni mwizi. Alipokufa, Hema aliuchoma mwili wake kando ya kijito, kwa desturi ya Wahindu, kwa kuni alizonunua kwa wakulima, na watu wakasimama mbali wakitazama. Wengine walisema duka limerogwa. Wengine walisema ni uzee tu.

Tangu siku hiyo Hema alikuwa na hofu moja, ambayo hakumwambia mtu: kwamba iko siku atajificha nyuma ya majora yale, na hatajua anamkwepa nani.

Mounira, jirani yake aliyekaanga mandazi ng'ambo ya barabara, alikuwa na dawa tayari.

"Dada, unajichosha bure. Nenda kwa Apolline akupigishe seromu."

"Siumwi, Mounira."

"Nani alisema unaumwa? Wenye kuumwa wanaenda hospitali. Seromu ni ya watu wazima kama sisi. Ona wachimbaji wanavyoshuka huko juu sawa maiti, kesho yake wanaruka sawa mbuzi."

Ilikuwa kweli. Hivyo ndivyo wachimbaji walivyoutunza mwili. Walifanya kazi mashimoni bila kulala, wakila walichokipata, kisha wakashuka na kulala mchana mmoja katika chumba cha muuguzi Apolline, chupa ya maji ya dawa ikining'inia juu ya vichwa vyao, njano kama mkojo kwa ajili ya vitamini. Wakiamka walijisikia wapya. Wakapanda tena.

Hema alikwenda. Alilala kitandani akitazama matone yakishuka kwenye mpira. Kwa siku chache mkono ulitulia, naye akaanza kuamini. Halafu asubuhi moja alishindwa kupenyeza uzi kwenye tundu la sindano, akaelewa kwamba mwili wake haukudanganyika.

Hapo ndipo alipomkumbuka mama yake vizuri.

Mama Kusum alikufa Hema akiwa msichana mdogo. Alikuwa mwanamke mwembamba asiyeinua sauti. Siku yake ilikuwa na mpango uleule, mvua ikinyesha au watu wakikimbia vita. Kuna neno alilolisema mara nyingi akifagia uwanja: "Kujitunza si sikukuu, binti yangu. Ni kufagia. Ukifagia mara moja kwa mwaka, hujafagia." Na neno jingine alilisema akimwogesha Hema, kwamba mwili ni nyumba tu, na mwenye nyumba yumo ndani, yeye hazeeki wala haungui, lakini nyumba ikichafuka, hawezi kuona nje.

Hema alianza kufagia. Hakurukia yote kwa pamoja, kwa sababu alijijua. Alianza na jambo moja, kuamka kabla muadhini hajakohoa kwenye kipaza sauti cha msikiti. Lilipozoeleka, akaongeza kuoga maji baridi ya pipa. Kisha kusugua meno na kukwangua ulimi. Kisha taa. Samli haikupatikana Kasongo, kwa hiyo taa ya miungu ilikula mawese, ikatoa mwali mwekundu wenye moshi kidogo. Mbele ya taa aliketi mkekani, akavuta pumzi kwa tundu moja la pua na kuitoa kwa jingine, polepole, mpaka kifua kikajaa na kutulia. Alihesabu jina la Mungu kwenye shanga za mbao. Ndipo alipokunywa maji ya moto yenye tangawizi na kufungua duka. Mlo wake mkubwa aliula jua likiwa juu, bugari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo isiyotiwa samaki, na jioni alikula kidogo.

Kuwasha taa na kuvuta pumzi alikufanyia katika chumba cha taa.

Chumba hicho kilikuwa nyuma ya duka. Hakikuwa na dirisha ila tundu moja lililozibwa kwa ubao. Zamani mama yake hakusali humo. Alisali uani, mbele ya nguzo fupi ya saruji iliyopandwa tulsi, mmea mtakatifu wa Wahindu, ndugu wa lumbalumba ambayo watu wa Maniema huichemsha kwa kikohozi. Baada ya mkewe kufa, na baada ya askari wasiojulikana kulivunja duka wakati wa vita, Bwana Jivan aliingiza kila kitu ndani. Aliingiza sanamu ndogo ya shaba ya Lakshmi, mungu mke wa neema, yenye mkufu wa dhahabu shingoni. Aliingiza taa. Akaingiza pia kazi ya kuchoma dhahabu.

Dhahabu ya Salamabila hufika mjini ikiwa bado na zebaki ndani yake, ile ambayo wachimbaji huiita merkire na kuitumia kukusanya chembe kutoka kwenye mchanga. Mnunuzi mwangalifu huichoma tena kabla ya kuipima, asije akanunua zebaki kwa bei ya dhahabu. Bwana Jivan aliichoma chumbani, mlango umefungwa, kwa sababu moto wa kuchomea dhahabu ukionekana jioni huwaita majambazi. Alikuwa na sababu nyingine pia. Neema ikiingia nyumbani, alisema, ipite kwanza mbele ya Lakshmi. Na zebaki yenyewe hakuiogopa. Kwa wazee wake zebaki ilikuwa kitu cha heshima, mbegu ya mungu Shiva. Kule kwao mafundi waliigandisha wakatengeneza nayo vitu vya kuabudiwa. Kitu cha namna hiyo kingewezaje kuchafua chumba cha sala?

Hema alirithi duka, mizani, sanamu, na desturi hiyo pia. Kila jioni Abedi alipoleta mzigo, Hema alifunga mlango, akawasha makaa, akaweka kibakuli cha chuma juu yake, akaangalia dhahabu ikigeuka kutoka weupe hadi unjano mbele ya uso wa Lakshmi. Hakukuwa na harufu ila ya makaa. Asubuhi aliketi palepale na kuvuta pumzi.

Subira alianza kuketi pamoja naye mvua zilipoanza. Alikuwa msaidizi wa dukani, binti wa nyumba ya Waislamu ya mtaa wa juu, na alikuwa na mimba ya kwanza. Mume wake Ayoubu alikuwa mashimoni Salamabila, ambako kila wiki zilisikika habari za watu wenye bunduki. Usiku hakulala. Asubuhi aliwahi dukani macho mekundu, akamkuta Hema ametulia.

"Mama Hema, weye unafanya nini ndani mule hata unatoka na uso wa mutu aliyelala?"

"Ninakaa tu. Ninapumua."

"Mi siwezi kuabudu sanamu, Mama."

"Nani amekuambia uabudu? Kaa, funga macho, vuta pumzi mpaka chini, hata mutoto aisikie. Ukitaka, taja Mwenyezi Mungu wako."

Subira alicheka, akaketi karibu na mlango, mgongo ameuegemeza ukutani mbali na sanamu. Baada ya muda akasogea kidogo, kwa sababu mlangoni palikuwa na upepo. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa mimba, pete ya ndoa ikambana. Akaivua na kuiweka kwenye kisahani cha shaba chini ya miguu ya Lakshmi, mahali ambapo hakuna mwizi angethubutu kuingiza mkono. Alianza kulala usiku. Alimwambia Mounira kwamba mutoto amejifunza kutulia.

Kwa Hema mambo hayakuwa hivyo. Mkono ulizidi. Mdomoni alikuwa na ladha ya sarafu, hata maji ya tangawizi yakawa kama yamechemshwa na misumari. Fizi zilitoa damu aliposugua meno. Majina ya wateja yalimponyoka. Mchana mmoja aliingia mwanamke kutoka Kabambare aliyekuwa akinunua vitenge kwake kila msimu wa karanga, na Hema akajikuta amesimama nyuma ya majora, akingoja mtu huyo aondoke.

Alipotambua mahali aliposimama, aliketi sakafuni.

Alijibu kwa njia pekee aliyoijua. Aliongeza bidii. Kama mazoea hayakumponya, alifikiri, ni kwa sababu hajayashika kwa moyo wote. Aliamka mapema zaidi, akaketi muda mrefu zaidi. Alivuta pumzi nzito zaidi, akaishikilia kifuani mpaka masikio yakaimba. Kelele za pikipiki zilipomsumbua, alikaza ubao wa tundu kwa vitambaa hata mwanga usipenye. Subira, akifagia, aliokota mijusi iliyokufa chini ya sanamu. Wa kwanza alimtupa tu nje. Baadaye akauliza.

"Mama, mijusi ya hapa wanakufa juu ya nini?"

"Labda ni moshi wa mawese."

"Jikoni kwa Mounira kuna moshi kupita hapa. Mijusi yake imenenepa sawa paka."

Hema alimtazama akataka kucheka, ila kilichotoka kilikuwa kitu kingine. Alimfokea Subira kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuijua, kwamba afagie na kunyamaza, kwamba nyumba hii ina adabu yake. Subira aliinama na ufagio wake. Hema alisimama mlangoni akisikiliza mwangwi wa sauti ile, na akajua aliisikia wapi zamani.

Siku iliyofuata alipowasha taa, aliona doa jeupe kwenye mkufu wa Lakshmi. Alilisugua kwa kitambaa. Halikutoka. Alidhani ni macho yake, maana nayo yalikuwa yameanza kumchezea.

Bi Asma, mama mkwe wa Subira, alifika dukani Alhamisi. Hakuwa mtu wa kuja dukani kwa Mhindi bila sababu. Aliingia akiwa amejitanda, Subira nyuma yake akilia, akaweka juu ya meza pete.

"As-salaam alaikum, Mama Hema. Sikuja kununua."

"Karibu, Bi Asma. Kaa."

"Sikai. Tazama kitu hiki kwanza. Jana nilimuambia binti, vidole vimepungua kidogo, vaa pete yako, wanawake wa arusi wasikuone mikono mitupu. Akatoka huku na hii. Mutoto wangu Ayoubu alichimba dhahabu hii kwa mikono yake. Fundi aliifua mbele ya macho yangu. Ilikuwa njano sawa yai. Sasa iko feza. Nani alikula dhahabu ya mutoto wangu?"

"Mama, nimekuapia," Subira alisema. "Sikuuza. Sikubadilisha."

"Sijakuita mwizi. Bado. Nauliza. Binti anaacha pete kwa sanamu, anaikuta imekufa. Tangu aanze kukaa na weye gizani, mutoto tumboni amenyamaza. Zamani alikuwa anapiga mateke mpaka nguo inaruka. Wanasema ametulia. Mi nimezaa mara nyingi; mutoto hatulii vile. Kesho namupeleka kwa dada yangu Wamaza mpaka azae. Na Ayoubu atajua yote."

"Mutoto amenyamaza?" Hema aliuliza.

"Sanamu yenu inakula nini, Mama Hema? Ilikula baba yako, sasa..."

Hema hakukumbuka baadaye namna jiwe la tola lilivyofika mkononi mwake. Alikumbuka tu uzito wake kuondoka. Lilipita karibu na bega la Subira, likagonga ukuta, chokaa ikaanguka. Subira alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Bi Asma alimvuta nyuma yake. Mounira, aliyekuwa amefika mlangoni na sahani ya mandazi, alisimama kama nguzo.

Mkono wa Hema ulibaki hewani ukitetemeka. Aliutazama. Ulikuwa wa baba yake kabisa, hata namna kidole cha mwisho kilivyojikunja.

"Nisameheni," alisema. Aliketi. Baada ya muda aliivuta pete mbele yake, kwa sababu hakuweza kuwatazama watu, na kitu pekee ambacho macho yake yalijua kukitazama kilikuwa dhahabu.

Weupe ule haukuwa wa fedha. Alikuwa ameuona kila jioni ya maisha yake ya utu uzima, dakika chache kabla moto haujaufukuza.

"Nani ameigusisha merkire?"

"Hapana mutu," Subira alisema. "Iko kwenye kisahani tangu niivue."

"Ulishika dhahabu ya Abedi? Hata kitambaa chake?"

"Mama, weye mwenyewe hunikatazi hata kuingia jioni? Mi naingia asubuhi tu. Kukaa na kufagia."

Hema alinyanyuka, akaingia chumba cha taa, akang'oa vitambaa kwenye tundu na kuuvunja ubao kwa mkono. Mwanga kamili wa mchana haukuwa umeingia mle tangu baba yake akiwa hai. Aliuona mkufu wa Lakshmi. Haukuwa na doa tena. Ulikuwa mweupe wote, upande mmoja na mwingine, na masizi juu ya ukuta yalikuwa na vumbi la kijivu linalong'aa. Kutoka mahali pa makaa hadi kwenye sanamu palikuwa na urefu wa mtu aliyelala. Zebaki haina miguu. Haikutembea ukutani kufuata pete.

Alimtuma Mounira alete jiko lake la makaa, akaliweka wazi uani kwenye upepo, akawaambia wote wasimame upande wa nyuma yake. Akaweka pete juu ya kipande cha bati, bati juu ya makaa. Hakuna kilichoonekana. Hakuna harufu. Weupe uliondoka tu, taratibu, kama ukungu unavyoondoka kwenye kioo, na pete ikabaki njano, imepoteza mng'ao kidogo.

"Alhamdulillahi," Mounira alinong'ona. "Pete imerudi."

Bi Asma hakufurahi. Alikuwa akimtazama Hema. Hakuwa mwanamke wa shule, ila alifuata jambo mpaka mwisho wake.

"Hiyo merkire iliingia kwenye pete kwa njia gani?"

"Kwa hewa," Hema alisema. "Ninaichoma jioni. Inabaki chumbani. Asubuhi..." Hakumaliza.

"Asubuhi munavuta."

"Ndiyo."

"Kwa nguvu. Mpaka chini." Bi Asma alimgeukia Subira, akamtazama tumboni. "Na humu? Humu utawasha makaa gani?"

Subira aliketi polepole kwenye ngazi ya uani.

Hema alimwona baba yake, mzee mwenye adabu, akikunja miguu asubuhi mbele ya taa ile na kuvuta hewa kwa uaminifu kama mtu anayekunywa dawa. Hakumlaumu. Baba alikuwa amelinda alichokipenda mahali alipodhani ni salama. Naye mwenyewe alikuwa amefanya nini? Alikuwa ameiga kila kitu cha mama yake, maji, shanga, tangawizi, saa ya kuamka, na hakujiuliza juu ya jambo moja: kwa nini mama alikaa nje. Mama alimfundisha kwamba kutoumiza kiumbe ndiyo sala ya kwanza, hata siafu aliwazunguka asiwakanyage. Hema alikuwa amewazunguka siafu maisha yake yote. Hakujua kwamba yeye naye yumo katika hesabu ya viumbe. Asubuhi alijitunza, jioni akajichoma, akadhani ni siku mbili tofauti.

Abedi alifika kabla ya magharibi, kama kawaida. Alikuta mlango wa chumba cha taa umeng'olewa bawaba, na Hema uani akichota maji pipani, sanamu ya Lakshmi imesimama kwenye nguzo ya saruji iliyokuwa tupu miaka mingi.

"Mama Hema, kumekuwa vita?"

"Sichomi tena, Abedi."

"Leo?"

"Hata kesho."

Abedi alicheka, kisha akaona kwamba Hema hacheki. "Mama, mi nimetoka Salamabila na mvua mgongoni. Nitapeleka mzigo huu wapi? Huko Kabambare wananipunja mchana kweupe."

"Peleka unakotaka. Lakini sikiliza. Usichome ndani ya nyumba. Umeniona mkono. Ulimwona baba. Si uchawi, si uzee. Ni merkire. Choma nje, mbali na watoto, upepo ukienda upande mwingine."

"Nje? Majambazi waje waote moto nami?"

"Abedi, mwanangu."

"Mama, weye umechoka. Pigisha seromu, ulale." Alifunga nailoni yake, akaitia kifuani chini ya koti. Alikuwa na wake wawili na watoto, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. "Mi nitachoma kwangu mwenyewe. Wanawake wangu hawaogopi moshi."

"Haina moshi. Ndiyo sababu nakuambia."

Alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki. Hema alimfuata mpaka barabarani akiita jina lake, watu wakageuka kutazama, wakakumbuka Bwana Jivan alivyowahi kukimbia hivyohivyo barabarani, na mmoja akatikisa kichwa kwa huruma. Hema aliona huruma ile. Alirudi ndani.

Hospitalini kesho yake daktari aliwasikiliza Hema na Subira, akasema ukweli: chombo cha kupima zebaki mwilini hakipo Kasongo, labda Kindu, labda mbali zaidi. Alimwambia Subira kwamba moyo wa mtoto bado unapiga. Alimwambia pia aendelee kuhesabu mateke. Alimwambia Hema kwamba mtu akiacha kuvuta, mwili hutoa kidogo kidogo. Kuna kinachoweza kutoka, na kuna kinachobaki. Hakuna aliyejua kwake ni kipi.

Alfajiri iliyofuata Hema aliamka kabla ya muadhini. Alioga. Alikwangua ulimi. Miche ya lumbalumba aliyopewa na Mounira ilikuwa kwenye kopo chini ya nguzo, kwa kuwa tulsi yenyewe haikupatikana. Mkufu wa Lakshmi ulikuwa bado mweupe. Hakutaka kuuwekea makaa. Aliwasha taa; upepo wa uani ukaizima; akaiwasha tena, akaikinga kwa kiganja kinachotetemeka, ikakubali.

Aliketi. Ndipo alipogundua kwamba anaogopa kuvuta pumzi. Kifua kilikataa. Mazoea ya miezi ile yote yalikuwa yamesimama mlangoni mwa pua yake kama mgeni asiyejua atakaribishwa au atapigwa. Alivuta kidogo tu. Hewa ilikuwa na harufu ya udongo uliolowa na mandazi ya Mounira. Akavuta tena, kidogo zaidi ya mwanzo.

Nyuma yake lango lililia. Bi Asma aliingia ameshika tasbihi, akaketi kwenye ngazi bila salamu, kama askari wa zamu. Subira alikuja na kukaa karibu na Hema, pete kidoleni.

"Wamaza hukuenda?" Hema aliuliza.

"Mama mukwe alisema kule hakuna wa kumuuliza kama mambo yakiharibika. Hapa uko weye." Akashika tumbo. "Mama, tangu jana usiku sijamusikia."

Aliuchukua mkono wa Hema, ule wa kulia, akauweka upande wa tumbo ambako zamani mateke yalikuwa yakiruka. Bi Asma aliacha kuhesabu tasbihi. Taa ililala kwa upepo, ikainuka.

"Hapo!" Subira alisema. "Umesikia?"

Hema alikaza macho. Kweli kulikuwa na kitu chini ya kiganja chake, kitu chepesi, cha harakaharaka, kisichokoma.

"Tulia, Mama. Tuliza mkono, nimusikie."

"Natuliza."

Aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaubana kwa nguvu zake zote, wakabaki wameinamisha vichwa, wote watatu, wakisubiri kujua kama ni mtoto anayetikisika au ni vidole vyake.